Uso wa Kipa

Jumapili moja ya Agosti mwaka wa tisini na nane, timu ya Kola iliwafunga majirani wao wa Katelembo bao moja kwa bila katika uwanja wa mjini Machakos. Kufikia Jumatatu saa tatu asubuhi, Mwongeli alikuwa amesimuliwa bao hilo mara tisa, na kila mara lilikuwa bao tofauti.

Mwongeli alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake aliiweka kwenye baraza la duka la vitambaa, mtaa wa nyuma ya soko. Mashabiki wa timu zote mbili walikutana hapo kwa sababu baraza lilikuwa na benchi refu na kivuli cha kutosha mpaka mchana, na pia kwa sababu yeye ndiye aliyewashonea wote jezi na kaptura. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda uwanjani hata siku moja. Walipobishana alikanyaga cherehani tu, akawaza mambo yake.

Lakini Jumatatu hiyo walimshinda.

"Mpira uliingia," alisema Wambugu, mfanyabiashara wa viazi aliyetoka Nyeri miaka kumi na tano nyuma, akanunua shamba Kola na kuwa shabiki wa Kola kuliko wenye Kola. "Niliuona na haya macho yangu."

"Ukiwa wapi?" Justus alimuuliza. Justus alikuwa karani wa shule, mzaliwa wa Katelembo, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, muda wa kubishana alikuwa nao tele. "Wewe ulikuwa umekaa kwa kivuli, upande ule mwingine kabisa. Kipa wetu Mulwa aliushikia kwa laini. Kwa laini, Wambugu! Refa akapuliza tu kipenga yake."

"Na ukiwa kwa laini si ni goli?"

"Goli ya wapi hiyo?"

Mwongeli aliacha kukanyaga. "Kwani goli ni nini?" aliuliza.

Wakamgeukia wote.

"Goli ni goli, fundi," Wambugu alisema.

"Hapana, niambieni vizuri. Mpira ukifika wapi ndio inakuwa goli? Ukigusa laini? Ukipita nusu? Ama mpaka upite wote?"

"Ukigusa," alisema Wambugu.

"Wote," alisema Justus.

"Nusu," alisema mzee mmoja wa mwisho wa benchi, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kupingwa.

Wakatazamana. Miaka yote hiyo walikuwa wamegombana kuhusu mabao, wengine hata wakanuniana, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake anahesabu bao kwa njia nyingine.

Mwongeli alichukua chaki, akachora mstari kwenye meza yake ya kukatia nguo. Akamwomba Wambugu kiazi kimoja cha mviringo. "Huu ndio mpira," alisema. "Kila mtu aweke pale alipouona."

Wambugu akaweka. Justus akaweka. Watu wengine wanne wakaweka, wa Kola na wa Katelembo. Mwongeli aliinama akaangalia kila mara kwa jicho lake la kupimia pindo, na kila mara kiazi kilikaa pale pale: sehemu kubwa imepita mstari, na kipande kidogo, kama upana wa kidole, kimebaki juu yake.

"Lakini nyinyi mmeona kitu kimoja," alisema. "Sasa mnagombania nini?"

Justus alikigeuza kiazi, akakirudisha pale pale.

"Na refa aliuona wapi?" aliendelea. "Mmemuuliza?"

Walicheka. Nani humuuliza refa? Refa hutukanwa.

Refa alikuwa Aloys, msomaji wa mita za maji, mtu mpole mwenye miguu mirefu, ambaye kila Jumatatu alipita barazani hapo na daftari lake. Siku hiyo hakupita. Lakini suruali yake ya kazi ilikuwa kwa Mwongeli, imeshatiwa zipu mpya, na saa nane mchana Mwongeli aliikunja akaenda kumtafuta. Alimkuta amechuchumaa kwenye lango la kiwanda kidogo cha mikate, akifuta vumbi kwenye kioo cha mita.

Aloys alimwona akasimama haraka. "Fundi, kama umetumwa na watu wa Katelembo, tafadhali."

"Sijatumwa na mtu. Nimekuletea suruali. Na niko na swali moja."

Akamweleza habari za kiazi. Aloys alisikiliza, na uso wake ukalegea kidogo, kwa kuwa tangu jana hakuna aliyezungumza naye bila kupaza sauti.

"Sheria inasema mpira wote upite," alisema. "Ukibaki hata kidogo kwa laini, si goli."

"Na wewe uliuona umepita wote?"

Aloys aliangalia mita. Kisha akaliangalia daftari lake, kana kwamba jibu liliandikwa humo.

"Sikuuona mpira," alisema mwishowe. "Mabeki wawili walikuwa wamenizibia, na mshika kibendera alikuwa amebaki huko katikati. Niliona uso wa Mulwa. Alianguka na mpira akabaki amekaa chini. Hakuinuka. Hakulalamika. Alikuwa na uso wa mtu ameshikwa na kuku ya wenyewe. Nikajiambia, huyu anajua umeingia. Nikapuliza."

"Kwa hivyo ulihukumu uso."

"Niliuhukumu uso, fundi."

Mwongeli alitarajia kumkasirikia au kumhurumia, lakini aliporudi barazani alikuta hana hata moja kati ya hayo. Alichokuwa nacho ni swali jipya. Kipa ana sababu gani ya kuona aibu, kama mpira bado uko kwenye laini?

Jumanne asubuhi alienda kwenye kinu cha kusagia mahindi alikofanya kazi Mulwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mabega mapana, unga umemjaa kope. Alipoulizwa kuhusu mechi, alizima mashine, akamwongoza Mwongeli nje, mbali na wateja.

"Mama, hiyo maneno wachana nayo."

"Sitamwambia mtu ukinikataza. Nataka kujua tu. Ulikuwa na nini pale chini?"

Mulwa alikung'uta unga mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni kaptura," alisema.

"Kaptura?"

"Nilipojitupa ilipasuka. Kutoka hapa mbele mpaka huko nyuma kabisa. Na ndani sikuwa nimevaa kitu ya maana. Na hapo nyuma ya goli, mama, alikuwa amesimama mama yake Katunge."

Katunge ni msichana ambaye Mulwa alipanga kumchumbia mwezi wa Desemba.

"Sasa ningeinukaje?" Mulwa aliuliza. "Refa aliposema ni goli, mimi hata nilishukuru Mungu. Watu wote walikimbilia upande ule mwingine kushangilia, nikapata nafasi ya kuvuta jaketi yangu pale kwa mlingoti na kuifunga kiunoni."

Mwongeli aliziba mdomo kwa leso. Kisha kicheko kikamkatikia ghafla, maana alikumbuka ni nani aliyeishona kaptura hiyo.

"Na mpira?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Uliingia?"

"Sijui. Nikijitupa mimi hufunga macho. Nilipofungua, kitu ya kwanza kusikia ilikuwa upepo."

Siku nzima ile Mwongeli hakufanya kazi ya maana. Alijua vizuri kilichotokea. Kitambaa cha Katelembo kilichelewa kufika, akakishona Ijumaa kwa haraka, mshono mmoja badala ya miwili. Kaptura za Kola alikuwa amezishona mapema, miwili, na kuzikaza. Hakuwa amekusudia chochote. Ila timu zote mbili zilimwamini kwa sababu hakuwa na upande, na sasa ingeonekana alikuwa nao. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mulwa asingesema, na Aloys hakujua.

Lakini barazani mabishano yaliendelea, na yalikuwa yameanza kuwa mabaya. Justus alisema Aloys alipewa gunia la viazi. Wambugu akainuka kwenye benchi. Watu wakawashika wasipigane. Jumatano jioni Mwongeli alirudi kwa Mulwa kumwomba ruhusa.

"Sema tu," Mulwa alimjibu. "Waliokuwa nyuma ya goli huenda walishaona yote. Ila mama yake Katunge usimtaje."

Alhamisi akamwita Aloys, akaja na daftari lake, akasimama kando ya nguzo. Benchi zima likamgeukia. Mwongeli alisimama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akawaeleza yote tangu uso mpaka mshono, na hakumtaja mama yake Katunge.

Wambugu alicheka mpaka akavua kofia. "Aiya! Kwa hivyo tulifungiwa goli na uzi!"

Justus hakucheka. "Kola uliwashonea mishono mingapi?"

"Miwili."

"Na sisi?"

"Mmoja. Kitambaa kilichelewa nikafanya haraka. Hilo ni kosa langu, Justus. Sina la kujitetea."

"Na tulikuwa tunakuja kukaa hapa kila siku," Justus alisema, "tukidhani uko katikati."

Kabla Mwongeli hajajibu, Aloys akasogea kutoka kwenye nguzo.

"Fundi alishona kaptura," alisema. "Lakini kipenga kilikuwa mdomoni mwangu. Mimi sikuuona ule mpira. Nilikisia."

Hakuna refa aliyewahi kutamka neno kama hilo katika baraza lile. Hata mzee wa nusu aligeuza shingo.

"Basi mechi irudiwe," Justus alisema.

"Haiwezi. Na hata ingeweza, ningeandika nini? Sikuona ukiingia, lakini pia sikuona ukikosa kuingia. Mulwa mwenyewe hajui. Gunia la viazi sikupewa. Hilo najua."

Justus alitazama chini. Aliondoka bila kuaga, na Ijumaa yote hakuonekana. Mwongeli alikata nguo za watoto, akipinda shingo kila mtu alipopita. Jumamosi asubuhi Justus alifika na mfuko wa nailoni, akaumwaga juu ya meza. Zilikuwa kaptura za timu nzima ya Katelembo, zimefuliwa.

"Mishono miwili," alisema. "Ya Mulwa, tatu." Kisha akamwendea Wambugu, akasimama mbele yake. "Ile maneno ya gunia, nimeirudisha." Wambugu akasogea akampa nafasi kwenye benchi.

Wiki tatu baadaye timu hizo zilikutana tena, safari hii Katelembo. Mwongeli alifunga kazi mapema akaenda. Alitaka kuona mwenyewe. Alisimama usawa wa mstari wa goli, akakaza macho, akajiahidi kutotazama kitu kingine.

Alishangaa jinsi mambo yalivyokwenda mbio. Kwenye meza yake kiazi kilikaa kimya, mtu akakizunguka akitaka. Hapa mpira ulifika umefunikwa na miguu kumi na vumbi, na kabla hujajua umefika, umeshaondoka. Upande wa pili alimwona Aloys, aliyeomba mwenyewe kushika kibendera siku hiyo, akikimbia na kila mpira mpaka mwisho, shati limemgandia mgongoni. Kipindi cha kwanza Mulwa alidaka mawili ya hatari na kuruka juu kama mtu asiye na wasiwasi wowote. Dakika za mwisho mchezaji wa Katelembo aliangushwa ndani ya boksi, penalti ikatolewa, ikafungwa, na kelele zilizolipuka Mwongeli alizisikia zikitoka pia kwenye koo lake mwenyewe, ingawa hakukumbuka kuamua kupiga kelele.

Jumatatu aliamka hana sauti kabisa. Barazani walikuwa wameshafika.

"Fundi, wewe ulikuwa karibu," Wambugu alisema. "Ile ilikuwa penalti kweli?"

Mwongeli alifungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Akaweka mkasi chini, akaonyesha kwa mikono: mguu wa huyu ulikuja hivi, wa yule ulikuwa hapa, mpira ukaenda kule.

"Umeona?" Justus alisema. "Anasema ilikuwa penalti."

"Hapana," alisema Wambugu, akisogea karibu na meza. "Fundi, hebu rudia hapo kwa mguu."