Sare ya Harusi ya Mtendeli

...ndiyo au hapana, anauliza Shamsi, vidole tayari juu ya kompyuta yake ya steshenari, fomu yangu ya viza iko wazi mbele yake, ngoja kwanza kaka Shamsi, hebu rudia, naye anarudia kwa sauti ya kutangaza msiba, umewahi kuwa mwanachama au kuunga mkono chama cha siasa cha nchi nyingine, jibu basi mdogo wangu, umeme wa Kasulu huu si wa kuuamini... chama gani mimi, mimi niliyeomba kwenda kusomea magonjwa ya mihogo, mwaka mmoja tu huko ng'ambo halafu narudi zangu Kitanga, hata kwaya ilinishinda... lakini ile picha, Mungu wangu, ile picha, watu wa ubalozi wametaka akaunti za mtandaoni ziwe wazi kwa kila mtu, na Shamsi ameifungua yangu sasa hivi, simu nilimpa mwenyewe huku nacheka, na mle ndani imo harusi ya mama mdogo Vestina, kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla haijafungwa, ukoo mzima kitenge kimoja, nembo ya chama cha upinzani cha Burundi kifuani, nembo mgongoni, maana bwana harusi, baba mdogo Reverien, alivuka mpaka na jora moja tu la kitenge, lililobaki kwenye mikutano ya chama chao, na mama akasema harusi bila sare ni aibu, kitenge ni kitenge, akalitia mkasi, akatushonea wote, mpaka bibi ambaye hajui kama Burundi kuna vyama... halafu tunacheza, mikono juu kama pembe za ng'ombe, kama Waha tunavyocheza siku zote, sasa mtu wa ubalozi nani atamwambia kuwa zile ni pembe, ataona sare moja, mikono juu, na mimi mbele kabisa nimeachama, atasema huu ni mkutano na huyu binti ndiye kiongozi wao... nikisema ndiyo nimekwisha, nikisema hapana wakaiona nimekuwa mwongo, na kufuta siwezi jamani, Shamsi amenionya, kuna kijana wa Kibondo alifunga akaunti yake katikati ya maombi wakamnyima, wanasema mwenye kuficha ana lake jambo... wewe dada umelala, anasema Shamsi, na simu yako inalia hapa... nani tena, mtu amechangia kwenye picha, picha gani, hiyo hiyo ya harusi, wewe, ina miaka mingi hiyo, jina la mtu silijui, hana hata picha ya sura yake, ameandika Kirundi lakini kwetu Kiha na Kirundi ni kitu kimoja, nimeelewa kila neno, huyu si Reverien, siku hizi anaishi kilima gani, yaani kijiji gani huko kwao... Yesu wangu... baba mdogo Reverien aliyerudi kwao Burundi kambi ilipofungwa, akahamia mahali ambako hakuna anayemfahamu, aliyemwambia mama kwenye simu, shemeji, jina langu msilitaje kabisa, hata kanisani, na mimi nimefanya zaidi ya kumtaja, nimemwanika na sare yake na mama mdogo pembeni, ili nikapande ndege... nilikuwa naogopa watu wa ubalozi, kumbe mlango niliowafungulia wao nimewafungulia na wengine, Shamsi ananitazama, ndiyo au hapana dada, wateja wanasubiri, naye hajui kitu, anadhani nasitasita kwa ushamba... naogopa, naogopa kuliko nilipoingia humu, lakini mkono umeshaifuata simu, kaka Shamsi nisaidie, funga, futa picha, funga akaunti yote, najua watanyima, wanyime, mihogo nitaipanda hivyo hivyo bila kuisomea, maneno bado yamo mdomoni mwangu, hayajatoka, na pale chini ya picha vinacheza vile vidoti vitatu, yule mtu anaandika tena...