Mvi za Elkanah

Pikipiki ilikuwa imeshapita uwanja wa kupiganisha mafahali wa Malinya na kushika barabara ya Kakamega wakati Awinja alipokumbuka kwamba hakumuaga mama mkwe wake, Kageha, sawasawa. Alikuwa amemkuta akipepeta maharagwe, akasema tu, "Mama, nimeenda," na Kageha akamjibu bila kuinua macho.

"Wakupake rangi nyeusi kabisa. Si ile ya kahawia."

Awinja alikuwa na miaka ishirini na tisa na mvi tatu, zote juu ya sikio la kulia. Nywele zake nyingine zilikuwa fupi na zimejikunja, lakini zile tatu zilikuwa zimenyooka kama waya na zilikuwa zimetoboa kitambaa cha kichwani. Pikipiki ilipoingia kona, mvi hazikuingia nayo. Zilibaki zimeelekea Malinya, jinsi kichwa cha kuku kinavyobaki mahali pamoja unapomgeuza mwili. Mwenye pikipiki aliziona kwenye kioo cha pembeni, akaongeza mwendo kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Mumewe, Elkanah, alikuwa mchimba dhahabu. Mwezi wa kwanza shimo la Mzee Mathew lilibomoka na kumfunika, yeye peke yake, wenzake wakiwa wamepanda juu kunywa chai. Mathew alichimbisha siku mbili, akasema udongo bado unaanguka, akaacha. Kageha alimngoja mwanawe hadi mwezi wa tatu. Halafu wakafanya vile hufanywa mtu akipotelea mtoni au nchi ya mbali: wakakata mgomba wenye urefu wa mtu, wakaulaza ndani ya jeneza na koti la Elkanah, wakaomba, wakauzika kando ya nyumba. Siku ya tatu wanawake wakaja na wembe wakamnyoa Awinja, ili nywele ambazo mumewe alizijua ziende naye. Zilizoota baadaye zilipaswa kuwa zake mwenyewe.

Saluni ya Jepkoech iko mjini, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Awinja aliwahi kusuka wateja hapo kabla ya kuolewa. Jepkoech alimfungua kitambaa akatazama.

"Ishirini na tisa?"

"Ishirini na tisa."

"Mimi nilianza na thelathini na moja. Kaa."

Alikoroga rangi kwenye kisahani kwa mswaki wa zamani. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha alitoa kichwa. "Hiyo ni hekima, usipake."

"Hekima gani?" mwingine akasema. "Ni mawazo. Bwana akikuacha unaotanga mvi."

"Huyu hakuachwa. Alizika."

"Basi ni mawazo ya kuzika."

Wakangoja nusu saa, wakaosha. Kichwa chote kilikuwa cheusi cha kung'aa isipokuwa zile tatu. Rangi iliteleza juu yake kama maji kwenye jani la nduma. Jepkoech akapaka tena, ikateleza tena. Akachukua kibanio, akang'oa moja. Ilitoka na kidonge cha udongo mwekundu kwenye mzizi, udongo mbichi. Jepkoech alifuta kibanio kwenye aproni yake.

"Nywele ya udongo siiwezi," alisema. Akazungusha kiti, na zile mbili zilizobaki zikabaki zimeelekea ukuta uleule. "Zinaangalia wapi hizi?"

"Nyumbani."

"Basi nenda nyumbani."

Alipofika Malinya jioni zilikuwa tisa. Kageha alimkalisha mlangoni penye mwanga, akazigusa moja moja.

"Mama yako alifika miaka hamsini na kichwa cheusi kama sufuria," alisema. "Hizi si za kwenu. Wanaume wa boma hili ndio wanaanzanga hapa, juu ya sikio la kulia. Baba yake Elkanah alianza hapa. Babu yake pia."

Awinja alimgeukia. "Mama, mtu aliyekufa hazeeki."

"Hazeeki."

"Basi yuko hai."

"Yuko hai na anazeeka mbio," Kageha alisema. "Tulimzika mapema." Akaketi juu ya gunia. "Ile moja mliing'oa?"

"Tuliing'oa."

"Usiguse tena. Hujui ni ya mwaka gani."

Tangu siku hiyo Kageha alikuwa akikagua kile kichwa kila Jumapili kabla ya kanisa, kama mtu anayekagua mahindi yaliyoingia wadudu. Kwa makisio yake, Elkanah alikuwa anamaliza mwaka mzima kwa juma moja. Alikuwa ameingia shimoni na thelathini na tatu. Baba yake alikufa na sabini na tano, kichwa kikiwa cheupe pote. Hawakuhitaji mtu wa kuwafafanulia. Ilibidi Elkanah atolewe kabla kichwa cha Awinja hakijajaa.

Walianza kwa naibu chifu. Alifungua faili, akasoma kwa kidole.

"Hapa nimeandika amezikwa tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, nyumbani kwake."

"Tulizika mgomba," Awinja alisema.

"Mimi sikuandika mgomba. Mliniletea jina la Elkanah nikaandika Elkanah. Sasa mtu aliyezikwa, ili achimbwe, lazima kuwe na kibali cha kufukua. Kaburi liko wapi?"

"Liko nyumbani, lakini yeye yuko kwa shimo."

"Kibali ni cha kaburi, mama. Nitaomba mfukue nyumbani."

Mvi za Awinja, kama thelathini hivi, zilikuwa zimekatiza meza yake kuelekea dirisha la upande wa machimbo. Naibu chifu alisogeza kikombe chake cha chai ili zisiingie, kisha kwenye sehemu ya sababu akaandika: mvi.

Mzee Mathew walimkuta nje ya kanisa, akiwa na suti, akisalimia watu. Yeye ndiye mzee wa kanisa, na shamba lenye mashimo ni lake.

"Mama Lynette," alimwambia Awinja, maana Lynette ndilo jina la binti wa Awinja na Elkanah, "mimi nilileta gunia la mchele kwa yale mazishi. Nikasimama kwa kaburi nikasema mbele ya watu kwamba Elkanah apumzike. Unataka nirudi niseme asipumzike?"

"Nataka umchimbe, Mzee."

"Mtu akizikwa amezikwa. Hata kwa mgomba. Si ni nyinyi mlisema ni yeye?"

Kageha akamshika Awinja mkono wakaondoka, kwa sababu ni wao waliosema.

Mwezi wa nane nusu ya kichwa ilikuwa nyeupe. Mvi zilikuwa zimepita mabega, na Awinja alizifunga mafungu ili zisinase kwenye miti. Kila siku akishamaliza kukamua ng'ombe alikwenda kutembea juu ya shamba la Mathew. Mahali pengi zilimvuta mbele, au pembeni. Siku moja, karibu na majani ya ng'ombe yaliyopandwa mpakani, zilianguka zote kwa pamoja, zikamfunika uso, zikanyooka kwenda chini. Akapiga hatua moja mbele, zikarudi nyuma. Akarudi, zikaanguka tena. Akachomeka kijiti.

Wanjala, aliyekuwa akichimba pamoja na Elkanah, alikuja kuangalia kile kijiti. Alipima kwa miguu mpaka mdomo wa shimo la zamani.

"Shemeji, hii ni futi arobaini. Alifikaje hapa?"

"Sijui."

"Labda alikuwa anafuata mshipa wa dhahabu," Wanjala alisema. Maneno hayo aliyarudia kwenye kibanda cha chai, bila nia mbaya, na kufikia jioni Mathew alikuwa ameyasikia.

Kesho yake asubuhi Mathew alifika na winchi, pampu ya maji, mbao na wanaume tisa. Alikanyaga kijiti akasema, "Hapa." Kageha alipoona wale wanaume alichinja jogoo wawili. Aliwapikia obusuma, ule ugali wa kwao, siku kumi mfululizo, na kila mmoja aliyemaliza kula alimpa mkono akamwita mwanangu. Awinja alikuwa akiketi kwenye mdomo wa shimo ameinamisha kichwa, mvi zikining'inia ndani. Wachimbaji wakienda kombo, zilisogea, nao wakajirekebisha. Mathew alisema hajawahi kuona kipimo kizuri namna hiyo.

Juma hilo kwenye kichwa kizima zilibaki nywele nyeusi za kujaza kiganja kimoja.

Siku ya kumi na moja walikuta mshipa wa dhahabu. Ulikuwa mpana kama mkono uliofungwa ngumi, na kutoka pale ulipinda kwenda upande wa barabara. Elkanah alikuwa upande mwingine, nyuma ya mwamba. Wanjala alipima kwa mvi, akasema ni futi nne.

"Futi nne za mwamba mgumu," Mathew alisema. "Tutarudi. Kwanza tufuate hii kabla maji hayajaingia."

Walifuata hiyo juma zima.

Ijumaa mchana wachimbaji walipanda kunywa chai. Huko machimboni mwanamke haingii shimoni, kwa sababu dhahabu humkimbia. Awinja alichukua mtaimbo na nyundo ya Wanjala, akashuka kwa kamba. Chini kabisa mvi zilijilaza juu ya mwamba, zikashikana nao kama utandu wa buibui. Akapiga mtaimbo mara tatu. Upande wa pili mtu akakohoa.

"Nani?"

"Ni mimi. Mama Lynette."

"Nilijua utakuja." Ilikuwa sauti ya mzee, yenye pumzi fupi. "Mmekula?"

"Bado."

"Kuleni kwanza." Akavuta pumzi. "Lynette anasoma?"

"Yuko darasa la pili."

"La pili tu?"

"La pili."

"Mimi nilidhani ameshaolewa. Magoti yananiuma, Mama Lynette."

"Ninachimba."

"Chimba pole pole, utaumia."

Alichimba. Mwamba ulitoka vipande vya ukubwa wa kucha. Alichimba mpaka nyundo ikateleza kwa damu, akaifunga na kitambaa cha kichwani, akaendelea. Wachimbaji waliporudi alikuwa ametoboa tundu la kuingia ngumi moja. Wanjala aliinama juu akamwita.

"Shemeji, toka. Pampu inahamishwa."

"Yuko hapa! Anaongea!"

"Tunamsikianga tangu Jumatatu," Wanjala alisema. "Toka, maji yanakuja."

Wawili wakashuka, wakamfunga kamba, akavutwa juu. Alishika mbao, alishika kuta, alimuuma mmoja mkononi. Mathew alikuwa amesimama juu, akamfunika koti lake begani, akaagiza apewe chai ya maziwa. Kisha akamuuliza Wanjala kama mwanamke ameharibu kitu. Wanjala akasema hapana, mshipa uko vilevile.

Jumamosi Kageha alikwenda kwa Mathew akapiga magoti kwenye zege la baraza yake. Alipiga magoti tangu saa mbili hadi saa saba. Mathew alimletea kiti. Jumapili alimwombea Kageha kanisani, kwa jina.

Jumanne, saa nne asubuhi, Awinja alikuwa akiosha vyombo. Nywele nyeusi ya mwisho, nyuma ya shingo, iligeuka nyeupe kuanzia mzizini. Baada ya hapo mvi zote zililegea kwa pamoja zikalala mgongoni, hazikuelekea popote. Awinja aliinua sahani iliyokuwa mkononi, akaisuuza, akaiweka juu ya nyingine. Halafu akamwita Kageha, na Kageha alipofika mlangoni akaona, akarudi ndani kutafuta wembe.

Alimnyoa mwenyewe. Nywele zilijaza beseni. Zilizoota mwezi uliofuata zilikuwa fupi, nyeusi na za kujikunja, na hivyo ndivyo zilivyo hadi leo.

Wanjala alitoka kwa Mathew akaenda kukata miwa Navakholo. Huwa anamtumia Lynette madaftari kila muhula unapoanza. Naibu chifu alihamishwa. Kageha alianguka bafuni mwezi wa pili mwaka uliofuata, akalala kitandani juma tatu, akafa. Alizikwa mwili wake wenyewe, na watu wengi walikuja. Awinja amerudi mjini kusuka kwa Jepkoech, na amepanga chumba kimoja karibu na shule. Lynette yuko darasa la nne na anapenda hesabu. Lile shimo lilijaa maji kwenye mvua za vuli, likafukiwa kwa tingatinga, na pale juu pamepandwa maharagwe. Zile futi nne hazikuguswa. Mathew alipata alichokuwa akitafuta, akajenga nyumba ya mawe, akafungua shimo jingine ng'ambo ya barabara. Lina wanaume kumi na wanne. Wanashuka kila siku saa moja asubuhi.