Krosi Haipelekwi Kwenye Moto wa Maganda

Naandika haya kwa wenye malori na matrekta, na kwa akina mama wenye vijana wanaoamini kila kitu kinatengenezeka uani. Sikatazi mtu kutengeneza gari lake nyumbani. Marehemu mume wangu Shamte alilitengeneza lori lake hapa hapa Chiungutwa, pembeni ya jiko langu, mpaka anaingia kaburini, na hakuwahi hata kung'oka kucha. Nakataza jambo moja tu.

Lori lenyewe ni la zamani, lile linalovuta kwa tairi za mbele na za nyuma kwa pamoja. Bila lori la namna hiyo huingii kwenye vijiji vya mchanga, na mlima wa Newala ukiwa na mzigo hupandi. Shamte alipofariki, lori likawa la mwanetu Mujibu. Ndilo shamba lake, maana shamba lenyewe la mikorosho waligawana ndugu za baba yake.

Msimu wa korosho ulikuwa unabisha hodi. Siku moja Mujibu alirudi kutoka Newala akiendesha taratibu kama amebeba mayai. Kila akikata kona, tairi la mbele la kushoto linagonga, ka, ka, ka. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga korosho za kubangua, nikausikia mlio huo kabla lori halijaonekana.

"Krosi imekwisha," Mujibu aliniambia akishuka. "Na ya kulia nayo haina maisha."

Kwa asiyejua, krosi ni chuma chenye umbo la msalaba, si kikubwa, kinatosha kiganjani. Kinakaa ndani ya ekseli ya mbele, pale tairi linapopindia kona. Kila ncha ya huo msalaba imevalishwa kikombe kidogo cha chuma, na ndani ya kikombe kuna grisi na vyuma vyembamba kama sindano. Hiyo grisi ikikauka na mchanga ukaingia, ndipo kinaanza kugonga. Ukikiacha kitakatika, na kikikatika mlimani ukiwa na magunia, mwenye roho yake aishike.

Mujibu akanunua krosi mpya Masasi, mbili. Kufunga aliamua afunge mwenyewe nyumbani. Gereji za Masasi wakati ule zilikuwa zimejaa, kila mwenye gari anajiandaa na msimu, na yeye alikwishawaahidi wakulima kwamba mzigo wa kwanza kwenda ghala la chama cha ushirika atabeba yeye. Tena alikuwa amewahi kumwona baba yake akifanya.

Basi akaweka mawe nyuma ya tairi, akapiga jeki, akasukumia magogo mawili ya mkorosho chini ya ekseli. Magogo yale sikuyapenda. Gogo la mkorosho ni jepesi, na ndani mchwa wanaweza kuwa wamekula bila ganda la nje kuonyesha. Nikamwita mke wake.

"Shamsia, mwambie mumeo asiingie chini ya lori."

"Mama, nimemwambia. Anasema hataingia, kazi yake iko pembeni."

"Mwambie tena."

Mujibu akatoa kichwa kwenye tairi akacheka. "Mama Mujibu, wewe hata kuku akikohoa unaita mganga. Rudi kwenye korosho zako."

Sikurudi. Nilivuta kigoda nikakaa pale ninapoyaona yale magogo. Yakilia kidogo tu nipige kelele. Siku nzima macho yangu yalikuwa kwenye magogo.

Alifungua tairi, akafungua nati za kile kichwa cha tairi, akavuta, na ekseli ikatoka nzima ndefu ikiwa na krosi katikati yake kama goti. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri, hata akawa anapiga mluzi. Akatoa zile pini ndogo zinazozuia vikombe. Kilichobaki ni kuvisukuma vikombe vitoke. Havikutoka. Kutu ya miaka na vumbi la barabara ya Newala vilikuwa vimevishika utadhani vimechomelewa. Akapiga nyundo upande huu, akageuza upande wa pili. Akamwaga mafuta ya taa. Akapiga tena, na kikombe hakijasogea hata unywele.

Wakati huo ndipo alipofika Vitalis na pikipiki yake.

Vitalis ni Mmakonde wa kule juu Newala, aliyeoa hapa kijijini, anaendesha bodaboda. Sisi ni Wayao. Wayao na Wamakonde ni watani, na Vitalis utani ulikuwa haumtoki mdomoni hata akiwa na homa. Mimi ni sawa na mama yake, lakini nilikuwa sijawahi kupata shikamoo yake. Alikuwa ananiita mchumba. Kwenye msiba wa mume wangu alilala kwenye jeneza lililokuwa tupu, akasema hatoki mpaka apewe kuku, na watu waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Ndiyo kazi ya mtani.

"Mchumba, hujambo?" alisema akizima pikipiki. "Naona mwanao anapigana na msalaba. Mwislamu na msalaba wapi na wapi?"

"Mla panya wewe, pita," Mujibu akamjibu.

"Napita vipi na panya wote mmewamaliza Wayao, mnakula usiku mmevaa kanzu?" Akachuchumaa, akaishika ile ekseli, akaigeuza. "Hii haitoki kwa nyundo. Nipe niifunge kwenye pikipiki niipeleke Masasi. Kuna watu wana presi, wanaminya mara moja kinatoka. Jioni unayo."

"Na malipo?"

"Nioze dada yako."

"Sina dada."

"Basi mchumba wangu huyu hapa nimchukue moja kwa moja."

Tulicheka. Shamsia alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Mujibu akaichukua ekseli yake mikononi mwa Vitalis.

"Nimeona njia nyingine kwenye simu," alisema. "Mtu anachoma kwa moto, chuma kinatanuka, kikombe kinatoka chenyewe."

Ni kweli aliiona. Alituonyesha baadaye Shamsia na mimi. Yule mtu kwenye simu alikuwa na moto wa gesi mwembamba kama kalamu, anapitisha kwenye chuma cha nje tu, tena kidogo kidogo, na usoni amevaa miwani mikubwa. Alikuwa bado anaeleza, bando likamwishia Mujibu. Kilichofuata hakukiona.

Sisi gesi ya namna hiyo hatuna. Ila maganda ya korosho yapo, nyuma ya jiko langu yamejaa rundo. Mwanamke yeyote wa huku anaujua moto wa maganda. Una mafuta ndani yake, unawaka kwa kishindo, unayeyusha mpaka sufuria. Na yale mafuta yakikurukia yanakula ngozi. Vidole vyangu hivi vina weusi usiotoka kwa sababu ya hayo mafuta.

"Mwanangu, moto huo unatema," nilimwambia.

"Ndiyo nautaka, Mama. Moto mkali."

Vitalis alisimama. Akatazama maganda, akatazama ekseli. "Wewe Myao, hivyo vikombe vimejaa grisi na vimefungwa. Ukivichemsha, kimoja kitaruka kije kikung'oe jicho. Halafu mimi nitakuja kwenye arobaini yako nile pilau ya nyama, nikae mbele kabisa, na mke nimrithi."

Maneno yake yalikuwa hayo. Sisi tulisikia pilau na mke wa kurithi. Mujibu akamrushia ganda la korosho. "Hata ukinirithi, lori hulipati!"

"Sicheki, Mujibu," alisema Vitalis.

Sasa hebu niambieni, mtani akikuambia hacheki unafanyaje? Unacheka zaidi. Ndivyo tulivyofanya. Abiria alimwita barabarani, Vitalis akawasha pikipiki akaondoka huku anageuka nyuma.

Mujibu aliweka mafiga matatu, akajaza maganda, akawasha. Moshi ukapanda mweusi, ukatukaba koo. Akailaza ekseli juu ya mafiga, krosi ikawa katikati ya moto kabisa. Mimi nilirudi kwenye kigoda changu. Nilikuwa natazama magogo.

Mafuta ya maganda yalianza kuchuruzika na kulipuka vidogo vidogo. Mujibu akasogea kuangalia kama chuma kimeshaiva. Aliinama. Sikusikia mlipuko mkubwa, msidhani ni kama bunduki. Ni mlio wa tang, kama mtu amegonga kengele ya shule mara moja. Nikageuka nikamwona amekaa chini, kashika uso kwa mikono miwili, na kati ya vidole grisi inafuka moshi. Kikombe kilikuwa kimeruka, kikampiga jicho la kulia, na grisi ya moto pamoja na yale mafuta vikafuata.

Magogo hayakusogea. Mpaka leo hayajasogea.

Shamsia alimmwagia maji yote ya ndoo usoni, na hapo alifanya vizuri, daktari alimsifu. Vitalis ndiye aliyempeleka hospitali ya Ndanda, kambeba mgongoni mwa pikipiki, Shamsia nyuma amemshika.

Hospitali walimtibu kwa moyo. Wakatuita Shamsia na mimi na yeye mwenyewe, wakatueleza bila kuficha. Jicho la kulia limepasuka, halitaona tena. Lakini si hilo tu. Wakasema jicho lililopasuka namna hiyo likibaki mwilini, mwili unaweza kukasirika ukaanza kulishambulia hata lile lililo zima. Kwa hiyo inafaa litolewe mapema, ili la kushoto lipone.

Mujibu akakataa. "Bado linahisi mwanga," alisema. "Nikitolewa jicho, nani ataniachia usukani? Litapona lenyewe."

Nililia mbele yake, nikapiga magoti mimi mama yake. Akasema nazidisha, kama kawaida yangu.

Vitalis alikuja kumwona wodini na mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni akitafuta la kusema, na mdomo wake haujui kusema nasi kwa njia nyingine. "Myao," alisema, "mpe daktari hilo jicho bovu, mimi nitalichukua nikachezee bao. Hilo moja linakutosha, mkeo mwenyewe hana sura ya kutazamwa kwa macho mawili."

Wodi nzima ikacheka. Mujibu akacheka akiwa na bandeji, akamwambia ajitolee lake kwanza. Vitalis akaendelea, "Kweli, litoe," na Mujibu akazidi kucheka. Niliuona mkono wa Vitalis umebana chungwa mpaka linatoa maji.

Tukarudi nyumbani na jicho lake kichwani.

Msimu ukafunguliwa, malori ya wengine yakapita hapa mbele na magunia. Mujibu alikuwa anakaa pembeni ya lori lake, krosi mpya zikiwa kwenye boksi mapajani, akisema akipata nafuu kidogo atazifunga. Nikaanza kumwona anakwepa jua. Akawa anaingia ndani mchana na kuvuta pazia. Halafu akamuuliza Shamsia kwa nini amekoroga unga kwenye maji ya kunywa. Maji yalikuwa safi. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu, na mbele yake kuna ukungu.

Shamsia alikimbia barabarani kumwita Vitalis. Alikuja. Alizima pikipiki mbali, akaisukuma mpaka uani. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama," aliniambia.

Niliitika marahaba, na sauti sikuitambua kama ni yangu.

Akamwendea Mujibu, akachuchumaa mbele yake. "Ndugu yangu, habari za asubuhi? Naomba twende hospitali. Naomba sana."

Mujibu akainua uso. Nilimwona anashtuka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanangu akiogopa tangu kikombe kiruke. "Vitalis," alisema, "mbona hunitukani?"

Vitalis alimshika mkono akamwinua.

Ndanda walijitahidi. Jicho bovu likatolewa, na dawa za kutuliza lile jingine akapewa nyingi, mpaka uso ukamvimba. Lakini walisema tumechelewa kurudi. Anachoona sasa ni kivuli cha mtu akipita kati yake na mlango, na daktari hakutuahidi kwamba hata hicho kitabaki. Sisemi Mungu hawezi. Nasema nililoambiwa.

Lori liko pale pale, halina tairi moja, kuku wangu wanataga chini ya bodi. Kuna watu wamekuja kulitaka, Mujibu hakubali. Asubuhi anapapasa ukuta mpaka alifikie, anatoa krosi mpya kwenye boksi, anazungusha vikombe vyake kwa vidole, laini kabisa, anavirudisha.

Kwa hiyo nasema, krosi ikikataa kutoka, iache ilivyo, ipeleke kwenye presi, hata kwa baiskeli. Chuma chenye grisi iliyofungiwa usikitie motoni, na moto wa maganda uachieni korosho. Na daktari akisema jicho litoke, litoke siku hiyo hiyo. Na wenye watani, siku mtani akisema hacheki, nyamazeni kwanza mmsikilize mpaka mwisho. Najua hamtanyamaza. Sisi hatukunyamaza.

Vitalis anapita kila asubuhi akielekea kijiweni. Mujibu anaujua mlio wa pikipiki yake kutoka mbali, anajiweka sawa na kusubiri.

"Mla panya!" anaita. "Leo umekula wangapi?"

"Shikamoo, mama," Vitalis ananiambia kwanza. Kisha anamgeukia. "Salama, ndugu yangu. Umeamkaje?"

Mujibu anageuza uso kuifuata sauti, na anabaki hivyo, akisubiri atukanwe, mpaka pikipiki iondoke.