Tone la Rangi ya Kucha

Jumapili ya kwanza niliifungulia kamera ya Baba juu ya meza ya jikoni, kwa sababu ndiyo meza pekee nyumbani kwetu isiyoyumba. Nilikuwa nimechoka kabla sijaanza. Siku sita kwa wiki natengeneza cherehani katika kiwanda cha nguo, cherehani hamsini na mbili, kila moja na ugonjwa wake, na washonaji wananiita Mama Bisibisi kwa kuwa hawajawahi kuniona na kitu kingine mkononi. Jumapili ni siku yangu ya kulala. Lakini Baba aliomba, na Baba si mtu wa kuomba.

"Ile kamera yangu imekwama," aliniambia, ameketi kwenye kochi lake, uso ameuelekeza dirishani. "Hebu itazame, mama. Nataka nimpige mama yako picha moja kabla taa hazijazimika."

Taa alizozisema ni macho yake. Presha ya macho ilishalimaliza la kushoto, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba la kulia lina miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Baba alimshukuru daktari kana kwamba ameambiwa basi linachelewa kidogo. Mimi ndiye niliyelia, tena chooni, kwa sababu sipendi kuonekana.

Baba alikuwa na studio ya picha kwa miaka thelathini na moja. Watu walimwita Mzee Tulia, maana hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeketi mbele yake, awe bwana harusi au kichanga cha siku kumi. Alipiga picha mji mzima, lakini mkewe hakuwahi. Filamu moja ina picha thelathini na sita, na yeye kila mara aliitenga ile ya mwisho. "Hii ni yako, mama watoto," alikuwa akisema. Halafu kabla hajafunga mlango angetokea mtu anahema, anataka picha ya kitambulisho leo hii, kesho anasafiri, na ya thelathini na sita inakwenda na huyo. Mama picha yake ni ile ya kitambulisho tu, aliyopigwa ofisini na mtu ambaye hata hakumwambia atulie. Ametoka kama mwizi aliyeshikwa.

Basi nikaifungua. Skrubu nilizipanga kwenye trei ya barafu, kila tundu hatua yake, kwa mpangilio wa kufungua, ili wakati wa kufunga nirudi nyumanyuma. Nilipotoa kifuniko cha juu nilikuta vumbi la miaka, mguu wa mende, na raba za mlango wa nyuma zimegeuka lami. Lenzi ilikuwa na ukungu uliotambaa kama mizizi. Mafuta ya zamani yalikuwa yameshikamana kwenye vipande vyembamba vya chuma vinavyofunguka kupitisha mwanga, ndiyo maana ilikwama. Siku hiyo niliishia kwenye ukungu. Mgongo uliniambia basi, nami siku hizi mgongo wangu naufuata kuliko ninavyomfuata msimamizi wa kiwanda.

Jumapili ya pili nilisafisha vile vipande kwa spiriti na pamba mpaka vikaanza kufunguka na kufungika bila kusita. Raba zilizooza nilizikwangua, mahali pake nikabandika uzi mweusi wa sufu kutoka kwenye kikapu cha Mama. Mdogo wangu alipiga simu kutoka jijini anakofanya kazi, akaniuliza kwa nini tusitumie tu simu yake, ina kamera tatu. Nilimwambia azipeleke zote tatu anakojua mwenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa kidirisha cha kulengea. Kamera za aina hii, ukichungulia unamwona mtu mara mbili: mmoja amesimama vizuri, mwingine hafifu pembeni yake. Unazungusha pete ya lenzi, yule hafifu anasogea, anasogea, mpaka anamlalia mwenzake na wanakuwa mtu mmoja. Hapo ndipo picha inatoka kali. Ndani kuna kioo kidogo kisichozidi ukucha, na ukikisugua kwa nguvu rangi yake inatoka na kamera imekufa. Nilikipuliza tu. Nilizuia pumzi muda mrefu mpaka Mama, aliyekuwa anachambua mchele, akaniuliza kama nimezimia.

Jumapili ya tatu nilifunga kila kitu. Nililenga tangi la maji juu ya paa la jirani mpaka matangi mawili yakawa moja, nikakaza. Ikabaki usafi wa nje. Kwenye pete ya lenzi nilikuta tone gumu la kitu fulani, limekuwa jeusi kwa uchafu wa vidole, kubwa kama punje ya mtama. Nililikwangua kwa ukucha, likagoma. Nikachukua wembe. Kiwandani sifa yangu moja ni kwamba sirudishi cherehani na uchafu wa mtu mwingine, na kamera ya baba yangu haikuwa ya kuanzia uzembe. Nikaisugua pete kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa.

Nilimpelekea kwa mikono miwili. Naungama nilitaka sifa.

Baba aliipokea, akaipima uzito, akasikiliza inavyolia. Uso ulimchangamka. Kisha kidole gumba chake kikashuka kwenye pete, kikazunguka taratibu, kikazunguka tena, kikarudi kinyume. Nikadhani anafurahia ulaini wake. Akaiweka mapajani.

"Umeisafisha vizuri sana," akasema. "Ahsante, mama. Ila leo nimechoka. Tutapiga kesho."

Kesho akasema jua ni kali. Keshokutwa akasema Mama hajavaa vizuri. Jumapili ya nne nikamwambia, "Basi nikulengee mimi, Baba, wewe ubonyeze tu." Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba kama ni hivyo nipige mwenyewe, kamera ni yangu sasa.

Nilipandwa na hasira, sifichi. Jumapili tatu nimejikunja juu ya meza kama mtu anayetafuta sindano, macho yananitoka, halafu mtu anajifanya kachoka! Miezi yenyewe miwili, tumeshakula wiki tatu. Niliingia jikoni nikaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

"Unazipiga au unaziosha?" Mama akaniuliza.

"Muulize mume wako. Kamera imepona, yeye ndiye anayeleta visingizio."

Mama alichukua kitambaa cha meza. "Pale kwenye pete," akasema, "palikuwa na tone. Umelitoa?"

"Ule uchafu?"

"Ilikuwa rangi yangu ya kucha, mwanangu."

Nikaacha kuosha. Mama ana chupa moja ya rangi nyekundu ya kucha kwenye droo yake, na katika maisha yangu yote sijawahi kumwona nayo vidoleni. Nilidhani ni kumbukumbu ya ujana.

Akanieleza huku anafuta meza. Miaka sita ya mwisho ya studio Baba alikuwa haoni tena ndani ya kile kidirisha. Wale watu wawili hakuwaona, aliona ukungu tu. Kwa hiyo Mama alimtilia tone kwenye pete. Baba alikuwa akihesabu hatua nne kutoka kwenye kiti cha mteja, anapapasa pete mpaka tone linakuwa juu kabisa, anasema tulia, anabonyeza. Miaka sita, na hakuna mteja aliyerudisha picha.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungemfungia studio," Mama akasema. "Wewe ukiona kitu kibovu huwezi kukiacha kiendelee."

Niliona aibu, ile inayopanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimeyakwangua macho ya baba yangu kwa wembe, kisha nikasimama kungoja kusifiwa.

Nilikwenda kochini nikachuchumaa mbele yake. "Baba, nimetoa tone lako. Nilidhani ni uchafu. Nisamehe."

"Mama yako ana mdomo," akasema. Kisha akanipapasa kichwani, jambo ambalo hakulifanya tangu nikiwa darasa la nne. "Hata mimi ningelitoa. Lilikuwa limechafuka kweli."

Mchana huo huo tulitoa kiti barazani. Mama aliketi, Baba akahesabu hatua nne kurudi nyuma, nikasimama pale miguu yake ilipoishia. Nilichungulia. Mama wawili, mmoja hafifu, wote wananiambia niharakishe kwa sababu kuna chungu motoni. Nilizungusha pete polepole mpaka wakawa Mama mmoja. Sikupumua. Baba alichovya kijiti ndani ya chupa, nikamwongoza mkono, na tone likakaa juu kabisa ya pete. Mama aliinuka akalipuliza mpaka likakauka, mashavu yamemvimba, akarudi kitini.

Baba alipoishika kamera kidole chake kilikwenda moja kwa moja. Nikaona mabega yake yanashuka, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Safari hii ya kwanza ndiyo yako," akamwambia. "Tulia."

Na Mama, ambaye hata usingizini anapanga vyombo, akatulia.

Baba hakuishia moja. Alizipiga zote thelathini na sita, hatua zile zile nne, na alipofika ya ishirini chungu kilikuwa kimeshaungua. Mama alilalamika lakini hakuinuka.

Siku hizi hakuna anayesafisha filamu karibu na kwetu. Mdogo wangu aliichukua kwenda nayo jijini, na huko ikakaa wiki tano. Jicho la kulia halikungoja. Lilizimika Jumanne moja asubuhi, Baba akiwa anafunga vifungo vya shati, naye akamaliza kufunga kwanza ndipo akatuambia.

Mdogo wangu alipozileta picha, alikuwa ameikuza moja tu, ile ya kwanza. Imetoka kali. Unaweza kuhesabu nyuzi za kilemba cha Mama, na ukuta nyuma yake umeyeyuka. Anamtazama aliyeshika kamera kama anayemjua hadi alichokificha.

"Imetoka?" Baba akauliza.

"Imetoka," tukasema sote.

Tangu alipoipokea hakuiachia. Kila jirani aliyepita kutupa pole alionyeshwa, na kila mara Baba aliinyanyua kichwa chini miguu juu. Majirani walikuwa na adabu, waliinamisha shingo. Mdogo wangu ndiye aliyecheka. Nilimtupia jicho moja, akaenda kuosha gari lake.

Niliiomba picha kwa Baba, nikaenda nayo kwenye meza isiyoyumba. Niliwahi kuapa sitaacha uchafu wa mtu kwenye kazi yangu. Nikachovya kijiti ndani ya chupa ya Mama na kuweka tone moja nono kwenye kona ya juu, mkono wa kulia. Nikalipuliza, nikangoja likauke.

Baba aliipokea, akaipapasa pembeni, kona moja, ya pili, ya tatu. Kidole kikasimama. Akaigeuza mpaka tone likawa juu, akaiinua mbele ya uso wake.

"Mama watoto," akaita kuelekea jikoni, "njoo uone ulivyotoka."

Mama alikuwa ameshaiona mara kumi siku hiyo. Akafuta mikono, akaenda.