Sauti ya Nyuma ya Pazia

Waliokuwa vijana wa Sib, hapa Oman, miaka ya tisini hawajaisahau Misumari. Ndilo kundi la kwanza kupiga muziki wa panki hapa kwetu, magitaa yanayokwaruza na maneno ya kumtukana kila mwenye cheo. Ukumbi mmoja uliwafungia mlango baada ya mashabiki kuvunja viti. Kila kundi la wavulana lililozuka baadaye liliuiga ukelele wa Hatem, mwimbaji wao, mkavu kama bati linaloburutwa.

Ukelele ule ulikuwa wa Ruba.

Hatem aliruka jukwaani na kipaza sauti kisichounganishwa popote. Ruba aliimba nyuma ya pazia jeusi, maana babake aliapa kuwa bintiye hataonekana mbele ya wanaume. Nyimbo alizitunga yeye, na kwenye kanda jina likaandikwa la Hatem. Muatasim, mdogo wake Ruba na mpiga gitaa wa kundi, hakulitaja jina la dadake mbele ya wanaume hata siku moja. Alisema "ahli", watu wa nyumbani, kama wafanyavyo wanaume wa heshima.

Kundi likavunjika. Baba akafariki. Mwaka 2005 hoteli moja ikawaita wapige tena, na Ruba akampa Muatasim sharti.

"Wimbo wa mwisho natoka mbele. Na utawambia nani aliyekuwa akiimba miaka yote. Kwa jina."

"Inshallah, dada."

"Sitaki inshallah yako ya kunikimbia. Sema wallahi."

"Wallahi," akasema Muatasim.

Siku yenyewe safu ya mbele ilikaliwa na wakubwa wa wizara anakofanya kazi Muatasim. Wimbo wa mwisho ulipofika, Ruba akatoka na kipaza sauti chake. Muatasim aliwatazama wakubwa wale.

"Huyu ahli," alisema. "Anazipenda nyimbo zetu tangu zamani."

Ruba alimgeukia. Muatasim akajishughulisha na nyuzi za gitaa. Basi Ruba akaimba, akaimba hadi koo likamwaka moto.

"Lo, anamwiga Hatem!" mtu alisema.

"Bibi wee, kapike!" Ukumbi ukaangua kicheko. "Mrudisheni mwenyewe!"

Hatem akaja akiwapungia. "Mpigieni makofi, jamani. Kajitahidi."

Muatasim akamnong'oneza dadake, "Nnakuomba, rudi nyuma ya pazia tumalize."

Ruba alichomoa waya, akateremka ngazi na kipaza sauti chake mkononi, akakaa kwenye kiti kitupu pembeni mwa wakubwa. Akakunja nne.

Gitaa likaanza. Hatem akaruka, akapanua mdomo. Hakuna kitu. Akapanua tena, mishipa ya shingo imemsimama. Mmoja akacheka, wakacheka wote, chupa ya maji ikampata kifuani. Akajaribu kuimba kwa koo lake mwenyewe. Kikatoka kisauti chembamba, cha mtu anayeomba radhi. Chupa zikamiminika. Hatem akajificha uso.

"Dada!" Muatasim aliita.

Ruba aliangalia kucha zake.

"Dada, watamuumiza!"

Chupa nyingine ikamchana Hatem paji la uso. Muatasim akakiparamia kipaza sauti kilichokuwa mbele yake, mbele ya wakubwa wake wote.

"Ruba! Ruba, njoo uimbe!"

Mzee wa wizara aliyekaa kando akamwinamia Ruba. "Ruba ndo nani?"

"Simjui," Ruba alisema. "Lakini mwache aite."