Mfupa Uliokatwa Bapa

Wenzake wa bendi walimbandika jina la Vidole miaka thelathini iliyopita, na jina likamganda kama kupe. Siku alipoingia kwenye karakana ya fundi wa magitaa, hakutaka tena kuitwa hivyo.

"Lisafishe tu, fundi," alisema, akiliweka gitaa mezani. "Nampa shemeji yangu."

Fundi, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, alilipapasa. "La siku nyingi hili. Limekukosea nini?"

Hakuwa amenuia kusimulia, ila maneno yalimtoka. Miezi mitano nyuma aliteleza kwenye ngazi za nyumbani, gitaa mkononi, akavunjika kiwiko cha mkono wa kushoto. Plasta ilipotolewa, daktari alisema mfupa umeunga vizuri. Akalirudia gitaa lake. Nyuzi za kandoni, ile nyembamba kabisa na ile nene kabisa, zikamgomea. Akizibana karibu na kichwa cha gitaa zinakwaruza, na vidole vinawaka moto. Alijaribu asubuhi, akajaribu jioni, wiki sita nzima. Mkewe akiuliza, anajibiwa, "Mkono umekwisha." Hata bendi alikwisha kuiaga.

"Na nyuzi za katikati?" fundi akauliza.

"Hizo hazina neno."

Fundi aliinua macho. "Mkono gani huo, mzee wangu, unaochagua nyuzi?"

Hakungoja jibu. Alilisogeza gitaa jichoni, akakikagua kile kijiti cha mfupa ambacho nyuzi hukikalia zikitoka kichwani kuingia shingoni. "Nani alikiweka hiki?"

Vidole akakuna kisogo. Cha zamani kilivunjika siku ileile ya ngazi. Yeye akiwa bado na plasta, mdogo wake alilichukua gitaa akalipeleka kwa seremala wa mtaani, likarudi na kijiti kipya, cheupe pepepe. "Alinifanyia wema," akasema.

"Wema ni wema. Lakini njoo uone."

Fundi alilegeza nyuzi, akazisogeza pembeni. Akachukua penseli iliyopasuliwa kati kwa urefu wake, akailaza bapa juu ya vyuma vya shingo, akaiburuza taratibu kutoka upande hadi upande, ncha ikiugusa mfupa. Vidole akainama. Mstari uliobaki ulikuwa umepinda, umeinuka katikati na kushuka kandoni. Mfupa wenyewe, juu, ulikuwa umenyooka kama rula.

"Shingo ya gitaa lako ina mgongo," fundi akasema. "Seremala kakata kama anayekata kizingiti cha mlango. Katikati nyuzi zimekaa sawa, kandoni zinaning'inia juu mno, mbali na vyuma. Hata mimi, na mikono hii ya kushika tupa, zingenishinda."

Vidole alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Wiki sita zote alikuwa akiutukana mkono usio na hatia.

"Inatengenezeka?"

"Ingekuwa kuongeza, ningekuambia urudi kesho. Hii ni kupunguza."

Alikigonga kijiti kikatoka, akakibana kwenye jiliwa, akakipiga tupa kwa kuufuata ule mstari. Vumbi lake lilinuka kama kwa daktari wa meno. Akakilainisha kwa msasa, akakirudisha, akakaza nyuzi, kisha kwa tupa nyembamba kama sindano akaichimba mifereji ya kandoni inayokaliwa na nyuzi, kidogo kidogo, akibonyeza uzi na kuutazama kila baada ya mikwaruzo miwili mitatu.

"Haya, mzee wangu."

Vidole alibana nyuzi zote sita pale pale karibu na kichwa, alipokuwa akishindwa. Zote zikalia, safi. Kidole cha mwisho kilikuwa kizito bado, lakini kilifika. Akashusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kiganja, na fundi akajitia kutafuta kitu kwenye droo.

Alimpigia simu shemeji yake kumwomba radhi kwamba gitaa halitoki tena.

"Afadhali, shemeji," yule akajibu. "Mimi hata kupiga sijui. Nilikubali kwa kuona umesononeka."

Kisha akampigia mkewe. Aliposikia simu imepokewa, aliilaza mezani, akapiga wimbo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, akikosea mahali pawili.

"Nani huyo anapiga?" mkewe akauliza.

"Mimi."

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Basi njoo nyumbani," mkewe akasema. "Hiyo simu inakwaruza, nataka kusikia vizuri."