Popi Hatazaa Tena

Mara ya nne mbwa wake Popi alipozaa, Mutindi alirudi kutoka kisimani akakuta watoto watano hawapo. Madume watatu walikuwa bado kwenye gunia nyuma ya ghala, wamelaliana. Waliokosekana walikuwa majike. Hakuwa na haja ya kuuliza. Shemeji yake Kitonga alikuwa na mazoea hayo: madume aliwagawia rafiki zake wafugaji hapo kijijini Nuu, majike akawatia kwenye mfuko na kwenda kuwatupa kwenye mchanga wa mto, juani. Miaka yote Mutindi alinyamaza. Safari hii aliufuata mto hadi akawapata, akachimba shimo kwa mikono. Aliporudi, Popi alikuwa akizunguka boma akinusa kila kona.

"Basi," Mutindi akamwambia. "Imetosha."

Ilimchukua nusu mwaka kupata mbuzi wa kuuza ili amlipe daktari, bila kuharibu kundi. Siku ya soko aliomba lifti kwenye pikapu ya wachuuzi wa mbuzi, akamkumbatia Popi katikati ya pembe na kwato mpaka mjini Mwingi. Wachuuzi walicheka njia nzima. Mmoja akamuuliza kama mbwa naye anaenda kuuzwa kwa kilo.

"Wewe ndiye nitakuuza kwa kilo," Mutindi akajibu, na kicheko kikamgeukia yule.

Daktari wa mifugo, Nasreen, alikuwa binti wa pale pale mjini. Alimpima Popi, akainua mkia, kisha akavua glavu polepole.

"Mama, huyu yuko kwenye joto. Siwezi kumpasua nimfunge kizazi leo. Damu imejaa kwenye kizazi, anaweza kuvuja nikashindwa kumzuia."

"Nimetoka Nuu, daktari."

"Najua, na pole. Lakini mfungie wiki tatu, dume asimguse. Halafu ngoja miezi miwili, umlete. Angekuja akiwa na miezi sita, kabla ya joto la kwanza, ingekuwa kazi rahisi zaidi. Lakini hajachelewa."

"Na bei?"

"Elfu tano na mia tano kwa uzito wake. Hapo kuna dawa ya usingizi, nyuzi, sindano, na kumwangalia kidonda siku ya kumi. Akishika mimba, bei itapanda."

"Hiyo ni mbuzi mzima."

"Ndiyo, mama."

Mutindi aliwaza kidogo. "Sawa. Mbuzi hajawahi kunibwekea mwizi."

Alimfungia Popi ndani ya ghala, ambalo lilikuwa tupu kwa sababu mvua iliyopita haikuleta kitu. Madume wa kijiji kizima walilala nje ya ua, na habari nazo zikaenea. Jumapili ya pili, alipotoka kanisani, alimkuta Kitonga mlangoni pa ghala. Mkono mmoja ulikuwa kwenye komeo, mwingine umeshika kamba ya dume lake jekundu.

"Shemeji, toa mkono hapo."

Kitonga hakushtuka. "Mbwa nilikupa mimi, Mama Muli. Na kuna watu nimewaahidi madume."

"Ulinipa. Kitu ukishampa mtu si chako tena."

"Unamfunga mnyama kizazi? Hiyo ni kuingilia kazi ya Mungu. Na wewe umetoka kanisani saa hii!"

"Na wale watano uliowaacha mtoni, waliumbwa na nani?"

Kitonga alitazama chini. Alipoinua uso, macho yalikuwa makavu. "Vizuri. Mvua ikinyesha, ng'ombe wangu hawatakanyaga shamba lako. Tuone hiyo kazi ya daktari kama italima."

Mutindi aligeuka akatazama shamba. Tangu mumewe afariki, plau ya Kitonga ndiyo iliyolima ekari zake mbili. Wanawe, Muli na wadogo zake, walikuwa mbali. Alijua vizuri anachoambiwa.

"Sawa, shemeji. Sasa peleka mbwa wako nyumbani."

Akaleta kigoda, akakaa mlangoni na nguo zake za kanisani, Biblia mapajani, mpaka Kitonga alipochoka kusimama.

Siku ilipofika, Nasreen alimaliza kazi kwa saa moja. Popi alirudi Nuu akiyumba, tumbo limenyolewa, na siku ya kumi kidonda kilikuwa kikavu.

Mvua ikaja. Mapema asubuhi Mutindi alitoka na jembe. Wiki ya kwanza mikono ilitoka malengelenge, ya pili ikapasuka, akaifunga vitambaa akaendelea. Wenzake wa kikundi cha akina mama walikuja siku mbili, wakamlimia upande wa chini huku wakimlaumu kwa ukaidi wake. Hakumaliza ekari mbili. Alimaliza moja na kipande, akapanda pojo na kunde kabla udongo haujakauka.

Siku moja Kitonga alipita na ng'ombe wake akitoka kulimia watu. Akasimama mpakani, akatazama matuta yaliyopinda.

"Ungeomba msamaha tu, Mama Muli. Ningeleta plau kesho."

Mutindi alinyoosha mgongo, mkono kiunoni. Popi alikuwa amelala kivulini, amenenepa.

"Msamaha wa nini?" akauliza. "Sogeza ng'ombe wako, shemeji. Wanakanyaga kunde zangu."